Naimba kwaya, lakini nyumbani siwezi kuomba

Shikamoo Mchungaji. Mwanakondoo wetu ameshinda.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi wilaya ya Rungwe, ndani kidogo ukitoka Tukuyu. Ni Mmoravian wa kuzaliwa. Bibi aliyenilea alinifundisha kusoma kwa kutumia Biblia yake mwenyewe. Kwaya ya usharika naimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana, na huko kwayani ndiko nilikompata mume wangu. Yeye alikuwa besi.

Kazi yake ilikuwa uashi. Mwaka juzi, wakati wa palizi, aliamka alfajiri, akataka kushuka kitandani, akaanguka. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, mdomo umepinda, anataka kusema na maneno hayatoki. Hospitali wakasema ni kiharusi. Tukakaa wodini, kisha tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Leo anatembea kwa fimbo mpaka barazani, anakaa hapo hadi jioni. Anaelewa kila kitu, ila kusema ni taabu. Anaweza kulitafuta neno moja mpaka anakata tamaa na kugeuza uso. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayelima, ninayezunguka mashambani kununua mikungu ya ndizi na kuwauzia wenye malori yanayokwenda Dar es Salaam. Usiku naamka kumgeuza na kumsaidia kwenda haja.

Mwanzoni niliomba, Mchungaji, kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Wazee wa kanisa walikuja na mafuta, wakamwombea. Jumuiya ilikuja. Nilifunga. Kisha wifi yangu akanipeleka kwa mhubiri mmoja mjini ambaye watu wanasema ana upako. Akaniambia ugonjwa huu ni kifungo cha ukoo, na ili kifunguke nipande mbegu. Nikatoa fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya mbolea na sare za watoto. Nilipoona hali ni ile ile nikarudi kwake. Akaniambia mbele ya watu: "Mama, tatizo ni wewe. Ndani yako kuna shaka, na shaka yako ndiyo imemfunga mumeo." Tangu siku ile kuna kitu kilikatika ndani yangu.

Sasa siombi. Nikipiga magoti maneno hayaji. Naanza "Baba yetu uliye mbinguni", nikifika "mapenzi yako yatimizwe" nasimama, nainuka, naenda kulala. Jumapili navaa joho naimba. Watu wanafuta machozi, wananiambia mama umetubariki, nami najiona mwongo. Mwalimu wa kwaya amenipa kuongoza wimbo alfajiri ya Pasaka, nataka kumkatalia. Binti yangu wa darasa la sita aliniuliza mezani, "Mama, mbona siku hizi tunakula bila kuomba?" Nikamwambia nimesahau. Akaniangalia tu.

Sijasema Mungu hayupo. Naamini yupo kama ninavyoamini Mkuu wa Mkoa yupo: yupo, ila hanijui.

Naomba unijibu mambo haya. Je, ni kweli shaka yangu ndiyo iliyomfunga mume wangu? Je, niache kwaya kuliko kuimba nisichokisikia moyoni? Na je, mtu wa umri wangu anaweza kuamini tena kama zamani? Tafadhali usiniambie "omba sana, mama". Hilo nimeambiwa na kila mtu.

Mama wa Watatu, Rungwe

MCHUNGAJI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ameshinda, tumfuate.

Naanza na swali lako la kwanza, maana hilo linakunyima usingizi. Hapana. Shaka yako haijamfunga mume wako. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba ama kwa sababu umepasuka, na chanzo kinachoongoza ni shinikizo la damu lililopanda na kukaa juu muda mrefu bila mtu kujua. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye kazi ya kusema. Ndiyo maana kwa mume wako vyote viwili vimeguswa pamoja. Hakuna mahali hapo ambapo shaka ya mke imepita.

Tazama pia jinsi Bwana Yesu mwenyewe alivyowatendea wenye shaka. Katika Marko sura ya 9 kuna baba aliyemleta mtoto mgonjwa, akasema wazi mbele ya umati: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto siku ile ile, na baba akiwa bado na nusu yake ya kutokuamini mkononi.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye husikii akihubiriwa, naye ni Trofimo. Katika Matendo 19 tunasoma kwamba huko Efeso hata leso zilizomgusa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Paulo huyo huyo, mwishoni mwa barua yake ya pili kwa Timotheo, anaandika kwa mstari mmoja kwamba Trofimo amemwacha Mileto, mgonjwa. Alikuwa rafiki yake wa safari, mtu wa huduma, na Paulo alimwacha akiwa hawezi. Hasemi Trofimo alikuwa na shaka. Hasemi ukoo wake ulikuwa na kifungo. Timotheo naye aliugua tumbo mara kwa mara, akashauriwa atumie divai kidogo. Paulo mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, na mwiba ukabaki. Mtu akisimama mbele ya watu na kukuambia mgonjwa asipopona lazima kuna mwenye kosa nyumbani, Agano Jipya lenyewe linamkatalia.

Kuhusu fedha nitasema kwa ukali kidogo, nawe utanivumilia. Naamani wa Shamu alipopona ukoma alimletea Elisha zawadi nono, na Elisha akakataa kupokea hata kitu kimoja. Aliyezikimbilia zile fedha ni Gehazi mtumishi wake, na ukoma ule ule ukamshika yeye. Yesu alipowatuma wanafunzi kuponya wagonjwa aliwaambia, "Mmepata bure, toeni bure." Wazee wa usharika wako waliokuja na mafuta walifanya kama Yakobo alivyoagiza katika sura ya 5, wakaondoka bila kudai senti. Yule mwingine alichukua mbolea ya shamba lako na sare za watoto wako, kisha akakubebesha hatia juu yake. Usirudi huko. Akikupigia simu kwamba mbegu haikukamilika, huna deni lolote kwake wala kwa Mungu. Na wifi yako usimchukie. Naye alikuwa anamtafutia kaka yake msaada.

Nakuomba pia jambo hili: mume wako anapima presha? Anameza dawa zake kila siku, hata siku anazojisikia vizuri? Wapo wanaoambiwa kwenye maombi kwamba kuendelea na dawa ni kukosa imani, na kiharusi cha pili huwakuta hapo. Ulizeni pia kituo cha afya kuhusu mazoezi ya viungo. Mabadiliko huwa ya polepole, na kwa wengine hayafiki mwisho, lakini mkono unaofanyishwa mazoezi una nafasi ambayo mkono uliolazwa hauna.

Sasa tuje kwako.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mahali ulipopumzika. Sikupaona. Unalima, unanunua ndizi, unauza, unaogesha, unapika, unaamka usiku, na Jumapili unasimama kuimba. Wewe umeandika kama mtu ambaye imani yake imekufa. Mimi nasoma habari za mwanamke ambaye hajalala vizuri tangu mwaka juzi.

Elia aliyaona hayo. Alitoka Karmeli, ambako moto ulishuka mbele ya macho yake, na muda mfupi baadaye alikuwa jangwani chini ya mretemu akiomba afe. Kama imani ingekuwa inadumu kwa sababu mtu ameona muujiza, Elia asingefika pale. Na angalia Mungu alivyomhudumia nabii aliyechoka. Hakumpa hotuba, wala hakumkumbusha Karmeli. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia, "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Hayo ndiyo maneno ambayo ningependa uyasikie kutoka mbinguni wiki hii. Safari hii ni kubwa mno kwako. Mungu ndiye anayelisema hilo kwanza, kabla yako, na halisemi kwa kukulaumu.

Kwa hiyo nakutuma kwanza ukalale. Na kama hata ukipata nafasi usingizi hauji, kama chakula hakina ladha, kama mawazo ya kufa yanakupitia, nenda kituo cha afya umwambie daktari hivyo hivyo bila kupunguza. Sonona ni ugonjwa, ina matibabu, nayo huwapata sana wanaouguza na hata wagonjwa wa kiharusi wenyewe. Huyo mzee anayegeuza uso barazani, muulizie na yeye. Kwenda kwa daktari si kumkimbia Mungu. Ni kuupokea mkate na maji.

Utasema: nilale saa ngapi, na kazi zote ni zangu? Hapo nataka tukumbushane habari za nyumbani kwetu, sisi Wamoravian, maana tunazisoma kwenye sikukuu halafu tunazikunja na kuziweka kabatini.

Mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, kulikuwa na kijiji cha wakimbizi waliokuwa wakigombana kuhusu imani. Tarehe 13 Agosti mwaka huo, kwenye Meza ya Bwana, walipatanishwa kwa namna ambayo wenyewe hawakuweza kuieleza vizuri. Wiki mbili baadaye walianza zamu ya maombi: wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku, kila mtu na saa yake. Maombi hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Wahubiri wetu hupenda kuitaja miaka hiyo 100. Mimi huvutiwa zaidi na zile saa 23. Kila mmoja wao, akishamaliza saa yake, alikwenda shambani, alifuma nguo, alilala fofofo, na maombi hayakuzimika kwa sababu mwingine alikuwa ameyashika. Watu wale walijua kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuubeba mzigo wa kuomba usiku na mchana. Kanisa lililowatuma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 lilizaliwa na watu waliopokezana zamu.

Wewe umeomba zamu zote peke yako. Acha wengine waingie.

Nenda kwa wanawake wawili katika jumuiya yako, wale ambao unajua ulimi wao unatulia, uwaambie: "Mimi kwa sasa siwezi kuomba. Naomba mniombee mpaka nitakapoweza." Sema hivyo hivyo. Usiseme "tuombeane", maana hilo husemwa mlangoni watu wakiagana na hakuna anayelikumbuka akifika nyumbani. Na usiishie kwenye maombi. Mwombe mzee wa kanisa wa mtaa wako apange zamu ya kazi: nani atakaa na mgonjwa Jumanne mchana ulale, kijana gani atakuja kumwogesha mara mbili kwa wiki, nani ana ndoo ya viazi. Wanaume wenzake wa besi wako wapi? Walikuja na sare kumwona alipokuwa wodini, bila shaka. Sasa wanatakiwa bila sare, siku za kazi. "Mchukuliane mizigo" iliandikwa kwa ajili ya makanisa kama yetu, na kanisa lisiloambiwa mzigo uko wapi haliwezi kuuinua. Najua Wanyakyusa tuna heshima zetu, mwanamke hapendi kuonekana ameshindwa na nyumba yake. Iweke kando heshima hiyo kwa msimu mmoja.

Unamkumbuka yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2, aliyeshushwa kwa kubomolewa dari? Tunaambiwa Yesu aliiona imani ya wale waliombeba. Kuhusu imani ya mgonjwa mwenyewe hatuambiwi chochote. Huenda alikuwa nayo, huenda alikuwa amechoka kama wewe. Alifika mbele ya Yesu hata hivyo, kwa miguu ya watu wanne.

Kuhusu magoti yako na "mapenzi yako yatimizwe". Unaposimama pale unadhani umeshindwa kuomba. Bwana mwenyewe hakuyafikia maneno hayo kwa urahisi. Gethsemane alianza kwa kusema anachokitaka: kikombe hiki kiniepuke. Alirudia. Luka anasema hari yake ilikuwa kama matone ya damu. Basi na wewe ukifika pale usiinuke. Kaa hapo hapo umwambie unachokitaka, kwa Kinyakyusa kama ndicho kinachokutoka vizuri. Mwambie unataka mume wako aseme. Mwambie umekasirika. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila mstari wa shukrani hata mmoja, nayo imo ndani ya Biblia bibi yako aliyokusomesha. Kichwa chake kinasema ni zaburi ya wana wa Kora. Hao walikuwa waimbaji, kwaya ya hekalu. Waliimba "nafsi yangu imeshiba taabu" mbele za Mungu, katika ibada, na Mungu akaamua neno hilo liwe Neno lake.

Ndiyo maana nasema usiache kwaya. Mwongo ni yule anayeimba ili kumdanganya mtu. Wewe unaimba imani ya kanisa zima siku ambazo yako ni nyembamba, na siku nyingine mwenzako wa sauti ya kwanza anasimama hapo akiwa amefiwa nawe unamwimbia bila kujua. Wale wanaofuta machozi hawasikii ukamilifu wako. Baadhi yao wamebeba nyumbani mambo kama yako, na sauti ya mtu aliyechoka huifikia mioyo ambayo sauti ya mtu aliyeshiba haiifikii. Lakini mwambie mwalimu wako wa kwaya ukweli, ili siku usipoweza kuja mazoezini asikuandikie faini.

Na wimbo wa Pasaka? Ningependa uuongoze.

Wewe unajua alfajiri hiyo ilivyo kwetu, tunapokwenda makaburini kabla jua halijachomoza. Desturi hiyo ilianza Herrnhut mwaka 1732, vijana walipokwenda kwenye makaburi ya kilimani kabla hakujapambazuka kuimba ufufuo. Hawakuchagua ukumbi uliopambwa. Walichagua mahali ambapo kila mtu anaona majina ya watu waliowaombea wapone na hawakupona. Tumaini letu linatangazwa pale, na aliyeumia ana haki ya kulitangaza kuliko mtu mwingine.

Kumbuka pia akina nani waliisikia habari hiyo kwanza. Wale wanawake hawakwenda kaburini kwa sababu waliamini Yesu amefufuka. Hakuna hata mmoja aliyetarajia. Walibeba manukato kwa ajili ya maiti. Njiani waliulizana nani atatuondolea lile jiwe, swali la mtu mwenye kazi nzito asiye na msaidizi. Walikwenda kumhudumia waliyempenda, mwili wake, kazi ambayo hata mitume waliikimbia. Habari njema iliwakuta kazini. Mwanangu, wewe kila asubuhi unachota maji ya moto, unamwosha mume wako mgongo, unamvalisha shati kwa kuanza na mkono usioweza. Umeliita hilo jambo moja miongoni mwa mizigo. Mimi, kwa kadiri ninavyoisoma Injili, naona hiyo ndiyo ibada yako kubwa kwa sasa, na kama kuna mahali ambapo Kristo aliyefufuka atakukuta mwaka huu, sitashangaa akikukuta na beseni.

Hivyo namjibu na yule Mkuu wa Mkoa wako asiyekujua. Mungu tuliyehubiriwa alijifunga kitambaa akaosha miguu ya watu. Anaijua kazi unayoifanya kwa sababu naye aliifanya.

Umeniuliza kama utaamini tena kama zamani. Sitakudanganya: labda hapana, si kwa namna ile ile. Imani uliyokuwa nayo kabla ya kiharusi ilikuwa haijawahi kumwogesha mgonjwa. Itakayokuja itakuwa na makovu, na huenda isilete tena ile hali ya moyo kuwaka uliyoizoea kwenye mikesha. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipotolewa mwaka 2007 watu walishangaa kusoma kwamba kwa miaka mingi sana aliomba bila kuhisi chochote, akiona utupu tu, na kila asubuhi aliamka kuwahudumia waliokuwa wakifa. Sisi si Wakatoliki, lakini hilo tunaweza kujifunza kwake bila kuogopa: hisia zinaweza kuondoka na uaminifu ukabaki. Wakati mwingine hisia hurudi. Zikirudi, furahi. Zisiporudi upesi, usizifanye kipimo cha kama Mungu yupo nyumbani mwako.

Sasa binti yako. Yeye amekuuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo katika barua hii, na jibu la "nimesahau" halikumtosha, ndiyo maana alikuangalia. Mwambie: "Mama amechoka sana na maneno ya kuomba yameniishia. Wewe utuombee chakula." Mtoto wa darasa la sita anaweza. Mpe pia kitabu cha neno la kila siku. Unajua kilikoanzia: mwaka 1728 Zinzendorf, yule bwana aliyewapokea wakimbizi wale kwenye ardhi yake, aliwapa watu wa Herrnhut mstari mmoja wa kuishi nao kesho yake, na tangu mwaka 1731 kimekuwa kikichapwa kila mwaka mpaka leo. Mstari mmoja tu, mwanangu. Usijilazimishe sura nzima wala saa nzima. Asome yeye kwa sauti mnapokunywa chai asubuhi, msiufafanue, muende shuleni na shambani. Siku ambayo hukusikia kitu, hukusikia kitu. Kesho kuna mwingine.

Na kuna jambo la mwisho ambalo nimelibakiza kwa sababu nina hamu nalo sana. Uliandika mume wako alikuwa besi. Katika barua yote husemi kama ameimba tangu augue. Watu wengi waliopoteza maneno kwa kiharusi bado huweza kuimba wimbo walioujua tangu utotoni, maneno yakatoka yote, au wakasema Baba Yetu mpaka mwisho, ingawa kuomba chumvi tu kunawashinda. Wataalamu wanaofundisha wagonjwa kusema tena hutumia njia hiyo hiyo ya kuimba. Sikuahidi kwamba kwake itakuwa hivyo. Lakini jioni moja, ukiwa unamenya ndizi karibu naye pale barazani, anza wimbo wa Pasaka unaotakiwa kuuongoza, polepole, kwa sauti yako ya pili, bila kumwambia aimbe. Msimtazame usoni. Kama besi ikiingia, endeleeni. Kama haikuingia, umefanya mazoezi yako ya wimbo, na jioni nyingine mtajaribu ule mlioimba harusini kwenu. Kisha jaribuni Baba Yetu, wewe na watoto na yeye, na ukifika pale unaposimama, waache wao wamalizie.

Andika tena baada ya Pasaka. Nataka kujua presha ya mzee imesomaje, na nani amechukua zamu ya Jumanne.